Nani Atapalilia Miti?

Mhadhara kwa Waswahili wa Edmonton, kaskazini mwa London



Kijito cha Salmons Brook kinachopita hapa Edmonton, mahali pengine wazi na mahali pengine chini ya lami, kinaanzia kwenye miinuko ya Enfield Chase, kaskazini-magharibi mwa manispaa yetu. Enfield Chase ulikuwa msitu wa wafalme wa kuwindia paa mpaka Bunge lilipopitisha sheria ya kuugawa mwaka 1777. Miti ikakatwa, ardhi ikawa mashamba na malisho. Tangu hapo mvua ikipiga kule juu, maji hushuka mbio bila kitu cha kuyachelewesha, na anayeyapokea ni mkazi wa bondeni, yaani sisi. Kuanzia mwaka 2020 Manispaa ya Enfield pamoja na shirika la Thames21 wamepanda huko juu miti zaidi ya 100,000, kwa mikono ya watu wa kujitolea wa kila rika. Malengo yao ni mengi, lakini mojawapo linagusa milango yetu moja kwa moja: kupunguza mafuriko ya huku chini.

Nimeanza na miti hiyo kwa sababu ni jirani, na kwa sababu inauliza swali lile lile linaloulizwa na miti ya Mufindi, Njombe, Muheza na Pemba kule Tanzania. Kupanda mti kuna sherehe. Kenya ilitangaza siku nzima ya mapumziko, 13 Novemba 2023, ili wananchi wapande miti, na nia yao ni kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tanzania nayo ina siku yake ya upandaji, 1 Aprili. Mgeni rasmi hushika koleo, picha hupigwa, mche humwagiwa maji. Miezi mitatu baadaye mche huohuo umemezwa na nyasi, na mgeni rasmi yuko mbali. Mimi naamini kwamba uhai wa msitu huamuliwa na palizi kuliko upandaji. Naamini pia kwamba magari yanayojiendesha, yanayobuniwa sasa kwa ajili ya palizi, yanaweza kuokoa miche mingi, kwa sharti moja ambalo nitalitetea leo: ramani ya kila mche, ambayo ndiyo akili ya mashine hizo, iwe mali ya waliopanda.

Tumtazame kwanza mlengwa, yaani mche. Mche uliotoka kitaluni una mizizi mifupi, na mizizi hiyo inakaa kwenye tabaka lile lile la udongo ambalo nyasi zimekwisha kulijaza. Magugu huunyang'anya mwanga, chakula na maji. Katika hayo matatu, mara nyingi kinachoua ni kukosa maji, hata hapa Uingereza. Watu wetu wakisikia London hufikiri mvua haikatiki. Kwa kweli jiji hili hupata takriban milimita 600 kwa mwaka, karibu nusu ya zile za Dar es Salaam. Tarehe 19 Julai 2022 joto la nchi hii lilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu lianze kupimwa, na ukame wa kiangazi kile uliua miche michanga kwingi kusini mwa Uingereza.

Hapa kuna jambo ambalo naomba mlishike, kwa sababu ndilo linalotenga mashine ya maana na mashine ya mapambo. Mwaka 1987 Tume ya Misitu ya Uingereza ilichapisha mwongozo ulioandikwa na R. J. Davies kuhusu miti na magugu. Majaribio yaliyoelezwa humo yalionyesha kwamba kufyeka nyasi hakuusaidii mche mchanga kupata maji. Nyasi iliyofyekwa huchipua upya, na machipukizi yake hunywa maji kama ilivyokuwa kabla, pengine zaidi. Kinachousaidia mche ni ardhi tupu, iliyong'olewa magugu mpaka mizizini, katika duara la kama mita moja kuzunguka shina. Mwanamke wa Mufindi anayepalilia kwa jembe duara la kila mti na kuacha katikati ya mistari pafyekwe tu kwa panga hakusoma mwongozo wa Davies, lakini jembe lake linafanya kile ambacho utafiti ulithibitisha. Roboti nyingi zinazotangazwa kwa jina la palizi ni vifyekeo vyenye kamera. Shamba linapendeza machoni, na mche unakufa kwa kiu katikati ya nyasi fupi.

Sasa tupige hesabu, nanyi vijana mnaweza kunisahihisha. Miti ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, hekta moja inachukua miti 1,111. Duara la kipenyo cha mita moja lina eneo la robo tatu ya mita ya mraba na zaidi kidogo. Zidisha kwa 1,111: unapata mita za mraba zisizofika 900. Hekta ina mita za mraba 10,000. Kwa hiyo palizi inayouokoa mti inahitaji sehemu ndogo kuliko moja ya kumi ya shamba. Trekta linalima shamba zima kwa sababu halijui mti uko wapi. Dawa ya kuua magugu inanyunyiziwa shamba zima kwa sababu hiyohiyo. Tukiwa na chombo kinachojua kila mche ulipo kwa usahihi wa sentimita chache, sehemu tisa za kumi za mafuta, chuma na sumu zinakuwa hazina kazi. Huo ndio uzuri wa gari dogo linalojiendesha, na ndiyo maana mimi siwaombi mlione kama trekta lililonyang'anywa dereva.

Wazo hili lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Huko Silsoe, Bedfordshire, kaskazini mwa hapa tulipo, palikuwa na taasisi ya utafiti wa zana za kilimo ambayo katika miaka ya 1990 ilitengeneza gari lililofuata mistari ya mboga kwa kutumia kamera, likihudumia mmea mmoja mmoja. Taasisi ilifungwa mwaka 2006. Wakati huo Denmark walikuwa wameupeleka ujuzi wa namna hiyo kwenye miti. Denmark hulima miti ya Krismasi kwa wingi sana na kuiuza Ulaya nzima, na maji yake ya kunywa karibu yote hutoka ardhini, kwa hiyo dawa inayomwagwa juu leo huweza kurudi katika glasi ya mtoto. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Mifugo na Kilimo cha Copenhagen, akiwemo Mwingereza Simon Blackmore, walibuni gari la kupalilia miti ya Krismasi bila dawa, likiongozwa na setilaiti kwenye njia iliyopangwa kabla, na mwaka 2005 idara ya mazingira ya nchi hiyo ikachapisha taarifa ya majaribio yake. Blackmore baadaye alifundisha Harper Adams, chuo cha kilimo kilichoko Shropshire, ambako mwaka 2017 shayiri ililimwa na kuvunwa bila binadamu kukanyaga shambani. Shropshire hiyohiyo ndiyo asili ya aina ya kondoo ambao wakulima wa miti ya Krismasi huwaachia shambani wale nyasi, kwa kuwa hawapendi sana kutafuna misonobari. Nawataja kondoo kwa heshima kabisa. Mkulima mwenye eka mbili na uzio mzuri huenda akahitaji kondoo kuliko roboti, na mhandisi mwaminifu atamwambia hivyo.

Mwaka 2019 Waestonia wa Chuo Kikuu cha Tartu na kampuni ya Milrem Robotics walionyesha jozi ya magari ya msituni. La kwanza linapanda mche na kuandika mahali ulipo. La pili linarudi baadaye kufyeka vichaka, likisoma kumbukumbu iliyoachwa na la kwanza. Kwangu mimi hapo ndipo fumbo lilipofunguka. Mche wenye urefu wa kiganja ukifunikwa na nyasi za magotini, hakuna kamera itakayouona. Mashine inayotegemea macho peke yake itaukata. Mashine inayokumbuka itakwenda polepole, itapima, itaacha nafasi, itafanya kazi pembeni yake. Mti una sifa ambayo mahindi hayana: hauhami, na miaka 20 baadaye utakuwa palepale. Anayeandika mahali pake siku ya kupanda ameshamaliza nusu ya kazi ya palizi zote zitakazofuata.

Mahali hapo hupimwa kwa setilaiti, lakini setilaiti peke yake hukosea kwa mita kadhaa, na mita kadhaa ni miti miwili. Kwa hiyo huwekwa kituo kidogo mahali panapojulikana barabara, nacho hupima kosa la setilaiti kila sekunde na kulituma kwa redio kwenye gari, hata kosa lishuke mpaka sentimita mbili hivi. Miti ikishakua, matawi yake huziba anga na gari hupotea. Lakini tazameni jinsi mambo yanavyopatana: katika shamba la misonobari au misaji, wakati matawi yanapokutana na kuziba anga, kivuli chake chenyewe kimeanza kuyaua magugu, na haja ya palizi imekwisha. Kwa mikarafuu, michungwa na minazi hali ni nyingine. Hiyo hupaliliwa maisha yake yote. Karafuu zinazodondoka haziokoteki kwenye kichaka. Huko gari litahitaji kupima umbali kwa miale ya leza na kutambua shina kwa umbo lake, na kazi hiyo ni ngumu na ya gharama.

Kuna ugumu mwingine ambao wahandisi wa Ulaya hawakukutana nao kwenye shamba la shayiri. Mashamba ya miti ya Sao Hill ni ya mzunguko wa pili na kuendelea, yaani katikati ya miche kumejaa visiki na matawi ya miti iliyovunwa. Miteremko ya Lushoto inamtoa jasho mbuzi. Majira ya mvua, ambayo ndiyo majira ya magugu, udongo mwekundu hushika tairi na kuling'ang'ania. Gari zito litazama na kukandamiza ardhi mpaka mizizi ikose hewa. Gari jepesi litakwama kwenye kisiki. Sijaona bado chombo kinachoyamudu yote haya kwa bei ambayo mkulima wa Makete anaweza kuifikiria, na yeyote atakayewaambia kipo, mwombeni akionyeshe kikifanya kazi Februari, kwenye tope, kwa wiki nzima.

Zaidi ya tope, kuna suala la kisu na gome. Gugu likiachwa, hasara ni ndogo. Litang'olewa awamu ijayo. Gome la mche likikatwa kulizunguka shina, mti umekufa, na pamoja nao umekufa muda wote mwenye shamba aliotarajia kuungoja. Makosa mawili haya hayalingani uzito. Kwa hiyo mashine nzuri ya palizi ni ile inayoweza kushuku. Ikifika mahali ramani inasema mche upo na kamera inasema haupo, isimame, iinue kisu, imwite mtu. Wauzaji hupenda kutangaza mashine isiyosimama. Mimi ningependa itangazwe ile inayojua kusimama, tena isimame papo hapo mtoto au mbuzi anapokatiza mbele yake, kwa sababu mashamba yetu hayana geti wala uzio na njia ya kwenda kisimani hupita humohumo.

Sasa nije kwa watu, maana palizi kwetu ina historia yenye uchungu, na anayeleta mashine bila kuijua historia hiyo atashangaa atakapopokewa kwa mawe.

Mikarafuu ilipoenea Unguja na Pemba katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, walioipalilia walikuwa watumwa. Aprili 1897 amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ilifuta uhalali wa utumwa, na wenye mashamba wakakosa usingizi kwa swali moja: nani atapalilia? Kuchuma kulipata watu, kwa kuwa msimu wa uchumaji una fedha za haraka. Palizi ni kazi ya kuinama mwaka mzima kwa malipo madogo, na mtu aliyepata uhuru wake hakuwa na sababu ya kuirudia kwa hiari. Frederick Cooper, mwanahistoria aliyechapisha kitabu juu ya habari hii mwaka 1980, anaonyesha jinsi jibu lilivyopatikana bila kupangwa na serikali. Watu waliruhusiwa kukaa shambani na kulima mihogo yao chini ya mikarafuu. Kwa kulima kwao, ardhi ikabaki safi. Wanyamwezi nao wakavuka bahari kuja kupalilia kwa mshahara. Mwenye shamba alikuwa na miti, mkaazi alikuwa na mihogo, na ardhi moja ikawalisha wote wawili. Siasa za miaka ya 1950 ziliyavunja maafikiano hayo, wakaazi wakafukuzwa katika mashamba mengi, na uchungu wa kufukuzwa huko ulikuwa sehemu ya Mapinduzi ya Januari 1964. Palizi iliyodharauliwa iliwahi kuwa kiini cha swali la ardhi ya visiwa vile.

Bara kuna utaratibu wa namna hiyohiyo katika misitu ya serikali. Ulianzia Burma katika karne ya 19, ukafika Kenya karibu mwaka 1910. Mkulima hupewa kipande kwenye eneo jipya la msitu, hupanda mahindi, maharage na viazi katikati ya miche, hupalilia vyake na vya serikali kwa jembe lilelile, na baada ya miaka michache, kivuli kikizidi, huhamia kipande kingine. Kenya iliusimamisha mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa sababu ya uharibifu na rushwa, kisha ukarudishwa chini ya Sheria ya Misitu ya 2005 kwa jina la PELIS. Nchini Tanzania unaendelea katika mashamba ya miti ya Meru na Kilimanjaro. Nimesoma mapendekezo mengi ya roboti za msituni, na hesabu zake huanza na gharama ya vibarua. Palipo na utaratibu huu, palizi haina gharama ya vibarua. Inalipwa kwa ardhi ya kulimia chakula. Roboti ikiletwa hapo haitampunguzia mtu kazi. Itamwondolea shamba. Kwa maeneo hayo mimi nasema wazi: mashine isiende.

Naisema kwa msisitizo kwa sababu tumeshaona mwisho wa njia hiyo. Mei 2023 huko Kericho mashine za kuchumia chai zilichomwa moto na wananchi waliokasirishwa na kupotea kwa ajira, na mtu mmoja alipoteza maisha. Wapo waliowaita wale watu maadui wa maendeleo. Walikuwa watu walioona kikapu kimetoka mgongoni mwa mama na fedha zake zimepanda lori moja na mashine.

Lakini siwezi kuisifu kazi ya palizi ili tu niikatae mashine. Wapaliliaji wengi ni wanawake. Mgongo huisha kabla ya umri. Nyoka wamo, panga linateleza kwenye nyasi mbichi, na kazi hupimwa kwa kipande: usipomaliza kipande chako, siku yako haihesabiwi. Palipoingia dawa, mtu hubeba bomba mgongoni bila glovu wala miwani, upepo ukimrudishia usoni. Dawa inayotumiwa zaidi, glaifoseti, imekuwa sokoni tangu 1974, na mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka nyingine za udhibiti hazikukubaliana nalo, na mabishano yangalipo. Anayebeba bomba hana nafasi katika mabishano hayo. Kazi ya namna hii ikipungua, mimi nitashukuru, ilimradi aliyekuwa akiifanya asipungue pamoja nayo.

Basi mashine iende wapi? Iende ambako palizi haifanyiki kabisa kwa kukosa watu, na huko ni kwingi. Tangu miaka ya 2000 wananchi wa nyanda za juu kusini mwa Tanzania wamepanda miti kwa kasi ambayo serikali yenyewe haikuitarajia. Ukipita Mafinga, Njombe, Makete na Kilolo unaona vilima vilivyogawanywa vipande vipande vya misonobari na mikaratusi, vingi vya eka moja au mbili. Mpango wa Panda Miti Kibiashara, ulioanza 2014 kwa ushirikiano wa Tanzania na Finland, ulisaidia wakulima hao kuunda vyama vya vijiji vyao. Wenye vipande wengine hawaishi huko. Wako Dar es Salaam, wako Dodoma, na msinikasirikie nikisema wako humu ndani. Tunatuma fedha, mche unanunuliwa, unapandwa, picha inatumwa kwenye simu. Mwaka wa pili nyasi ni ndefu kuliko miti, kiangazi kinaingia, moto unatoka shamba la jirani, na nyasi kavu zinaupeleka moto mpaka kwenye majani ya chini ya msonobari. Palizi ni kinga ya moto pia, na shamba la mtu aliye mbali ni hatari kwa shamba la aliye karibu. Hasira za wanakijiji juu ya wenye mashamba wasioonekana nazijua, na wana haki.

Kwa vipande hivyo naona gari moja linalomilikiwa na chama cha kijiji, likizunguka kwa zamu. Liwe jepesi, lipakizike kwenye pikipiki ya magurudumu matatu. Liende mwendo wa mtu anayetembea taratibu, kwa kuwa halina haraka. Linaweza kufanya kazi tangu alfajiri hadi magharibi kwa betri zinazojazwa kwa jua. Likwangue ardhi kwenye duara la mche na kuziacha nyasi za katikati zifyekwe kwa mkono zizuie mmomonyoko. Visu vyake viwe vya aina ambayo fundi wa kuchomelea wa Mafinga anaweza kuvitengeneza kwa chuma cha springi ya gari. Maelezo yake yote, mpaka ujumbe wa makosa kwenye kioo, yawe kwa Kiswahili. Mwenye kipande aliye mbali alipe ada kwa chama, na ada hiyo imlipe anayeliendesha, anayelikarabati na anayepita nyuma yake na jembe pale liliposhindwa. Huyo wa tatu ndiye nataka awe mwanamke aliyekuwa akipalilia kwa kipande, kwa mshahara wa mwezi.

Kuna sababu ya kumtaka yeye. Ili kamera itofautishe mche na gugu, hufundishwa kwa maelfu ya picha ambazo binadamu amezitia alama moja moja. Nairobi kuna vijana wengi wanaoishi kwa kazi hiyo, wakitia alama picha za makampuni ya mbali kwa malipo madogo. Alama za picha za shamba la misaji la Longuza, kule Muheza, nani anaweza kuziweka vizuri? Ni yule anayeijua ndago hata ikiwa na jani moja, anayejua ukoka unavyojificha chini ya mche, anayeitambua misaji iliyojiotea yenyewe na ile iliyopandwa. Maarifa hayo yakishaingia kwenye programu, yanauzika dunia nzima na hayarudi. Nataka alipwe kama mwalimu anavyolipwa, na jina la chama chake liandikwe kwenye mkataba.

Uwezo wa vijana wetu hauna shaka. Mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walianza kurusha ndege ndogo zisizo na rubani juu ya Unguja na Pemba, katika mradi wa Kamisheni ya Ardhi na Benki ya Dunia, wakapiga picha za visiwa hivyo kwa undani ambao ulionyesha nyumba moja moja na mti mmoja mmoja. Ramani ya mikarafuu imeshawahi kuwa mikononi mwa vijana wa Kizanzibari. Nanyi wa Edmonton, pandeni basi namba 279 mwende Ponders End. Pale ndipo kiwanda cha Ediswan kilipotengeneza vali za kwanza za kielektroniki, baada ya uvumbuzi wa John Ambrose Fleming wa mwaka 1904, na kila chombo chenye akili mlicho nacho mfukoni kina asili yake katika vali ile. Chuo cha Capel Manor, hapahapa Enfield, hufundisha utunzaji wa miti. Mtu anayeyashika mawili haya, elektroniki na mti, tena anazungumza lugha ya aliyeko shambani, ni adimu, na naona nyuso za watu wa namna hiyo kwenye viti vya nyuma. Anzeni na miche ya Enfield Chase. Jitoleeni msimu wa kupanda, andikeni mahali pa kila mche wa mstari mmoja, mrudi Juni mwone ni mingapi mnaweza kuipata ndani ya nyasi bila ramani na mingapi kwa ramani. Jaribio hilo halihitaji roboti wala mfadhili.

Na wenye vipande Njombe, msingoje gari. Msimu ujao wa kupanda, mlipeni kijana wa kijiji atembee nyuma ya wapandaji na kifaa cha kupimia, aandike kila mche. Orodha ile iandikishwe kwa jina la chama, nakala ikae ofisi ya kijiji na nyingine kwenu. Kampuni yoyote itakayokuja na mashine, kutoka Ulaya au kwingineko, ikute orodha ina mwenyewe, iiombe, na iilipie kila inapoitumia. Mkataba wa kwanza nataka uandikwe kabla mashine haijateremshwa kwenye Fuso, ukiwa na kifungu kinachosema kwamba siku kampuni itakapofungwa, kama ilivyofungwa taasisi ya Silsoe, programu na ramani vibaki kijijini, vikifanya kazi.